Project Zomboid: mwongozo kamili wa kukata miti, kubeba magogo na kutengeneza zana

Project Zomboid ni mchezo wa kompyuta wa kunusurika katikati ya mazombi. Ukiuanza kwa mipangilio ya kawaida, kalenda yake inasoma 9 Julai 1993, saa tatu asubuhi. Uko Knox Country, eneo la kubuni ndani ya jimbo la Kentucky, Marekani, na nyumba uliyowekwa ina madirisha mengi kuliko unavyoweza kuyalinda. Kila kitu utakachotaka baadaye kinadai mbao: kuziba madirisha, uzio, makasha ya kuhifadhia chakula, pipa la kukingia mvua, ngazi ya kupandia ghorofani. Na Kentucky ni misitu kila upande. Miti haiishi. Anayekufa kwa sababu ya mbao hufa akiwa amebeba magogo mgongoni, pumzi imekata, na mazombi matatu yamesimama kati yake na nyumba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kubeba, maana kukata kwenyewe ni rahisi.

Ninayoyaeleza hapa ni ya toleo la 41, lile thabiti ambalo The Indie Stone, watengenezaji wa mchezo, walilitoa Desemba 2021. Toleo la 42 lilifunguliwa kwa majaribio Desemba 2024 na limebadilisha sana utengenezaji wa vitu; nitaligusia mwishoni. Mchezo hauna lugha ya Kiswahili, hivyo pale inapobidi nitataja maneno ya kwenye menyu kama yalivyoandikwa.

Chagua mhusika ukijua utaishi wapi

Kazi mbili zinahusiana moja kwa moja na mada yetu. Mkata miti, yaani Lumberjack, anaanza na ngazi mbili za ujuzi wa shoka na moja ya nguvu, anazungusha shoka haraka kuliko wengine, na msituni hatembei kwa kusuasua. Seremala, Carpenter, anaanza na ngazi tatu za useremala, na hizo zinakuokolea muda mwingi wa mwanzo.

Mimi humshauri mgeni amchukue seremala. Kukata miti mtu yeyote anaweza, bila ujuzi wowote. Ni taratibu tu. Kujenga ndiko kunakokudai ngazi za ujuzi wa useremala: kasha linataka ngazi ya 3, pipa dogo la mvua ngazi ya 4, ngazi za kupandia ghorofani ngazi ya 6. Mkata miti anang'ara kwenye mapigano, na ukishauzoea mchezo utamrudia kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya magogo.

Siku za kwanza: acha msitu, vunja fanicha

Ukiwa huna shoka usikimbilie porini. Nyumba yako na za majirani zimejaa mbao tayari, ila zimevaa umbo la viti, meza, vitanda na makabati. Tafuta nyundo na msumeno kwenye mabanda ya nyuma ya nyumba, gereji, na kabati za vifaa. Ukiwa na hivyo viwili, bofya kulia kwenye kiti kisha chagua "Disassemble". Utapata mbao, mara nyingine misumari, na pointi za useremala juu yake. Ngazi yako ikiwa chini, baadhi ya vipande vitaharibika. Usisikitike, unajifunza kwa mali ya watu.

Misumari ndiyo sababu nyingine ya kuanza hivi. Miti haitoi misumari. Ukianza kukata magogo kabla ya kukusanya misumari, utajikuta na rundo la mbao sebuleni na huna cha kuzipigilia.

Kuna jambo la siku za kwanza ambalo likipita limepita: televisheni. Chaneli ya Life and Living hurusha kipindi cha useremala kiitwacho Woodcraft saa sita mchana katika wiki ile ya kwanza. Ukikaa mbele ya runinga ukakitazama, unapata pointi za bure. Ratiba ya siku ijengwe kuzunguka kipindi hicho: asubuhi pekua nyumba za karibu, mchana rudi kwenye kochi, jioni vunja fanicha. Ukikosa, zipo kanda za video zinazookotwa humu na humu, lakini hizo ni za bahati, na umeme nao kwa mipangilio ya kawaida hukatika wakati wowote ndani ya siku 30 za mwanzo.

Vitabu vya useremala viko vitano, kila kimoja kwa ngazi mbili. Havikupi pointi, vinazidisha pointi utakazopata baada ya kusoma. Kwa hiyo kitabu cha kwanza kisomwe kabla hujavunja nusu ya samani za mtaa.

Kupata shoka

Kuna mashoka ya aina nne yanayofaa kuyajua. Shoka la zimamoto ndilo la kawaida kwa wenye bahati: linakata vizuri na linaua vizuri. Shoka la kukatia miti, lenye mpini mrefu, linaangusha mti haraka kuliko yote, ila ni zito na linachosha ukipigania. Kishoka cha mkono mmoja ni chepesi na kinafaa kubaki kiunoni, lakini kwenye mti ni cha subira. La mwisho ni shoka la jiwe, ambalo unajitengenezea.

Ukianzia Rosewood, kituo cha zimamoto cha mji huo kiko mlangoni pako na ni mahali pa kwanza pa kwenda. Ukianzia Muldraugh, kuna kampuni ya magogo ya McCoy upande wa magharibi, penye magogo, mbao na zana. Angalia tu usiingie ukiwa umechoka. Ghala kubwa lina kona nyingi. Kwingineko pekua mabanda ya bustani na gereji. Shoka moja likipatikana endelea kutafuta la pili, na sababu yake nitaieleza.

Ukikosa kabisa: shoka la jiwe

Hili linatengenezwa kwa vitu vitatu: tawi la mti, jiwe lililochongeka, na kitambaa kilichochanwa au uzi wa katani wa kufungia.

Kitambaa ni rahisi. Fungua kabati la nguo, chukua shati la pamba au shuka, bofya kulia, chana. Pamba huchanika kwa mikono. Denimu na ngozi zinataka mkasi. Tawi na jiwe utavipata kwa kuokota porini. Washa hali ya upekuzi, "Search Mode", kitufe chake kiko kwenye safu ya alama upande wa kushoto wa skrini, kisha tembea taratibu pembezoni mwa msitu. Alama ndogo zitajitokeza juu ya vitu vilivyo chini. Sogea, tazama, okota. Usiingie ndani kabisa ya miti ukiwa katika hali hii, kwa sababu macho yako wewe mchezaji yamebandikwa ardhini na pembe za skrini zimefifia. Ukishapata vitu vitatu, fungua dirisha la utengenezaji kwa herufi B na ukamilishe.

Shoka la jiwe huvunjika mapema na kwenye mti ni la polepole. Ila halikugharimu kitu, na linafaa sana kwa kazi moja: kukata miti huku shoka lako zuri likipumzika. Ukipata jiwe la kawaida badala ya lililochongeka usilitupe. Pamoja na tawi na kitambaa linakuwa nyundo ya jiwe, na nyundo hiyo inajenga kama nyundo nyingine yoyote ingawa inachakaa haraka.

Kukata mti

Shoka likiwa kwenye mzigo wako, bofya kulia kwenye mti, chagua "Chop Tree". Mhusika atasogea na kuanza kupiga. Mti ukianguka unaacha magogo chini, na mara nyingine matawi na vijiti. Mti mkubwa hutoa magogo zaidi. Kale kamche kembamba hakana faida ya maana, kaache.

Sasa mambo matatu yanatokea kwa wakati mmoja, na yote yanakula kitu chako.

La kwanza, pumzi. Upande wa juu kulia wa skrini itajitokeza alama ya kuchoka. Ikifika hatua ya pili acha kukata, hata kama mti umebaki pigo moja. Mtu aliyechoka anapiga zombi kwa nguvu ndogo na hawezi kukimbia mbali. Kaa chini au kwenye kiti mpaka alama ipotee kabisa, ndipo uendelee. Mtindo wangu ni mti mmoja, pumzika, tazama pande zote, mti mwingine.

La pili, kelele. Kila pigo linasikika na zombi lililo jirani litakuja kuangalia. Msituni huwezi kuliona likija. Matawi yanalificha mpaka liko hatua chache nawe. Kwa hiyo anza na miti ya ukingoni, iliyo karibu na barabara au uwanja wazi, ule msitu kidogo kidogo kuelekea ndani. Hivyo mgongo wako siku zote unatazamana na eneo tupu. Usikate kamwe karibu na dirisha la nyumba usiyoipekua.

La tatu, shoka lenyewe. Kila mti unalichakaza, na hapo ndipo shoka la pili linapohitajika: moja la miti, jingine la vichwa. Wachezaji wengi hutumia shoka la zimamoto kwa kila kitu, kisha linavunjika mikononi siku helikopta inapopita, tukio ambalo kwa kawaida huja kati ya siku ya 6 na ya 9 na kuamsha mji mzima.

Usitumie kitufe cha kuharakisha muda wakati unakata. Mchezo husimamisha mwendo ukiona zombi, lakini neno lenyewe ni ukiona, na msituni huoni.

Kubeba: hapa ndipo penye kazi

Gogo moja lina uzito wa 9. Mhusika wa kawaida akibeba gogo moja pamoja na shoka, begi na chakula, tayari anakaribia kulemewa. Akibeba mawili anatembea kama mgonjwa. Ukilemewa unapoteza mwendo na pumzi, na mzigo ukizidi sana unaanza kuumia mwili.

Wengi hufikiri suluhisho ni kubeba msumeno porini na kupasua magogo pale pale. Hebu tupige hesabu. Gogo moja linatoa mbao tatu. Ubao mmoja una uzito wa 3. Tatu mara tatu ni 9. Hujapunguza hata chembe. Umetumia muda tu ukiwa msituni, macho chini.

Suluhisho ni kufunga mzigo. Ukiwa na magogo mawili, matatu au manne, pamoja na kamba mbili au vitambaa viwili vilivyochanwa, bofya kulia kwenye gogo na utaona chaguo la kuyafunga pamoja. Mzigo wa magogo manne yaliyofungwa hauzidi uzito wa magogo mawili yaliyo huru. Ndiyo, haina mantiki ya kifizikia, lakini ndivyo mchezo ulivyo, na hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote katika kazi nzima ya mbao. Ukifika nyumbani unafungua mzigo, magogo yanarudi uzito wake wa kawaida na kamba zako unazipata tena. Kwa hiyo huhitaji kamba nyingi: vitambaa vichache kutoka kwenye shati moja vinatosha safari nyingi.

Utaratibu basi uwe hivi. Kata kwanza, acha magogo chini pale yalipoangukia. Baada ya kupumzika, kusanya manne, funga, peleka mpaka ukingoni, weka chini, rudi. Usianze safari ya nyumbani mpaka mizigo yote iko ukingoni. Kipande kimoja cha sakafu au ardhi kinachukua uzito wa 50, kwa hiyo mizigo yako haitapotea ikirundikwa mahali pamoja.

Ukiwa na gari, mambo yanabadilika kabisa. Van au pikapu yenye buti kubwa inachukua mbao za kujengea ukuta mzima. Liegeshe kinyumenyume, buti ikitazama msitu na pua ikitazama barabara, na uzime injini ukishafika, maana muungurumo wake unaita kuliko shoka. Funguo ziwe mfukoni, usiziache kwenye gari kwa mazoea. Ukiona kundi linakuja acha magogo, ingia, ondoka. Yatakuwepo kesho.

Jambo dogo: msituni usikimbie. Matawi yanakwaruza ngozi na kuchana nguo. Mkwaruzo wa tawi hauambukizi, ila ukiwa na mikwaruzo mitano hutajua tena upi ni wa tawi na upi ni wa ukucha wa zombi, na wa zombi una nafasi ya asilimia 7 ya kukuua.

Kupasua na kupanga matumizi

Nyumbani, gogo likiwa kwenye mzigo na msumeno upo, bofya kulia na upasue. Msumeno wa bustani nao unakubalika. Kila gogo linakupa pointi kidogo za useremala.

Kabla hujarudi msituni, jua unataka nini. Dirisha linazibwa kwa ubao mmoja na misumari miwili kila mara, mpaka mbao nne upande mmoja. Nyumba yenye madirisha manane, ukiziba yote kikamilifu kwa upande mmoja, inakula mbao 32 na misumari 64: magogo kumi na moja. Kasha ni mbao tatu, yaani gogo moja, na linahifadhi uzito wa 50. Ngazi za kupandia ni mbao 15 na misumari 15. Pipa dogo la mvua ni mbao nne, misumari minne na mifuko minne ya taka, na hiyo mifuko ndiyo hupotea unapoihitaji; iokote kila jikoni unalopita.

Ushauri wangu kuhusu madirisha: usizibe yote kwa mbao nne. Ya chini ziba mbili mbili, pazia juu yake, kisha hamia ghorofani. Zombi lisilokuona na lisilokusikia halina sababu ya kugonga dirisha lako, na kupigilia misumari kwenyewe ni kelele.

Ukuta wa magogo

Ukuta wa mbao unategemea ujuzi: wa fundi asiyejua ni dhaifu na mbaya wa sura. Ukuta wa magogo hautaki ujuzi, hautaki misumari, hautaki hata nyundo. Kila kipande kinahitaji magogo manne na kitu cha kufungia, ama vitambaa vinne vilivyochanwa, ama kamba mbili. Bofya kulia chini, ingia kwenye menyu ya useremala, uchague "Log Wall", weka.

Bei yake ni jasho. Uzio wa vipande ishirini ni magogo 80. Kwa hiyo usizungushie uwanja mzima kama unajenga ngome ya mfalme. Tumia kuta za nyumba yenyewe kama upande mmoja, ziba mapengo tu, na anza upande unaoelekea mjini. Miti unayoikata iwe ile iliyo karibu na nyumba: unapata magogo bila safari ndefu na papo hapo unafungua uwanja wa kuona mbali. Hii ndiyo sababu nyumba ya pembezoni, yenye msitu nyuma ya ua, ina thamani kuliko jumba zuri la katikati ya mji.

Mlango wa uzio utasubiri. Fremu inataka ngazi ya 2 ya useremala, mlango ngazi ya 3 pamoja na bawaba na kitasa. Mpaka hapo, acha pengo moja na uliegeshee gari.

Silaha kutoka kwenye mabaki

Usitupe matawi. Tawi au ubao pamoja na kisu vinakupa mkuki. Mkuki unafika mbali kuliko silaha nyingi na unaua haraka, ila unavunjika upesi. Beba mitatu au minne na usiuhesabu kuwa mali. Ukiwa na tepu nene ya kijivu unaweza kufunga kisu cha kuwindia kwenye ncha yake, lakini mimi huona ni hasara ya kisu na ya tepu.

Rungu la besiboli ukilipigilia misumari linaumiza zaidi. Misumari hiyo lakini ingeziba dirisha, kwa hiyo ngoja mpaka uwe nayo ya ziada.

Tepu na gundi ya mbao ziwekwe kwa ajili ya shoka. Shoka likianza kuchakaa, bofya kulia ulitengeneze kabla halijavunjika. Kila matengenezo yanarudisha kidogo kuliko yaliyotangulia, hivyo usilitengeneze likiwa bado na hali nzuri. Ujuzi wa kutunza vifaa, Maintenance, unapanda kwa kutumia silaha, na ukipanda shoka lako linadumu.

Ukicheza toleo la 42

Uzito wa magogo, pumzi na kelele bado ni shida zile zile, na misuli sasa inauma ukikata kupita kiasi, jambo linalokufanya uwe dhaifu vitani baadaye. Kilichobadilika ni zana: kuchonga mawe na mbao kumekuwa ujuzi wenye hatua zake, kuna uhunzi, na viungo vya kutengenezea vitu vingi si vile nilivyoorodhesha hapa. Fungua dirisha la utengenezaji na usome mahitaji ya kila kitu kabla ya kutoka nyumbani. Na kwa kuwa ni toleo la majaribio, masasisho yake huweza kuvuruga mchezo uliohifadhiwa. Ukiwa na ngome unayoipenda kwenye 41, nakili faili zake kwanza.